Nyumba Kumi za Balozi Tobia

Miche ilikuwa inakufa. Ilikuwa siku ya sita tangu lori liishushe barazani kwa balozi Tobia, na hakuna aliyeweza kuigawa.

Ilikuja miche themanini na minne ya parachichi na miche mia moja na ishirini na sita ya grevilea. Parachichi zilikuwa za kubebesha, zilizounganishwa tawi la mti mwingine, zile zinazozaa mapema, baada ya miaka mitatu. Grevilea ni mti wa kushika udongo na wa kuni. Yote ilikuwa ndani ya viriba vyeusi, imeegemezwa ukutani upande unaopigwa na jua la mchana. Hakuna aliyeimwagilia. Nani amwagilie mche ambao hajui kama ni wake?

Karatasi ya mradi ulioleta miche ilisema mambo mawili tu. Kila kaya ipate sawa na nyingine. Mche hata mmoja usibaki. Chini yake palikuwa na nafasi ya kujaza idadi ya kaya, na hapo balozi Tobia alikuwa ameandika kumi.

Kila mtu katika kitongoji kile, juu ya kijiji cha Mgwashi, alijua kwa nini kumi. Tobia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Baba yake naye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Daftari alilorithi lilikuwa na mistari kumi, na kila mstari una jina la mwenye nyumba. Majina mengine yalikuwa ya watu waliokwisha kufa. Jina la marehemu likisomwa, watoto wake waliitika.

Jina la Ernest halikuwamo.

Ernest alikuwa na miaka thelathini na minane. Nyumba yake ilikuwa ya juu kabisa, pale mteremko unaposimama kama ukuta. Masika iliyopita maji yalishuka yakachukua ukuta wa jiko. Sasa vuli ilikuwa inaanza. Siku ya kugawa miche ndiyo ingekuwa siku ya kuanza msaragambo: watu wote na majembe yao, kuchimba makinga maji shamba baada ya shamba, kuanzia juu kwenda chini. Lakini orodha ilikuwa ile ile moja. Usipopewa miche, huchimbiwi. Ernest alikuwa amejaribu kuchimba peke yake wiki tatu, na hakufika hata robo ya shamba.

Asubuhi ile alitoka nje mara nne kutazama mawingu.

"Utalichosha wingu kwa kulitazama," mkewe Rahabu alimwambia. Alikuwa anamenya viazi mlangoni. "Kaa unywe chai."

"Chai itazuia maji?"

"Na kutembea kwako kutazuia?"

Ernest alikunywa chai akiwa amesimama, akaunguza ulimi, akachukua kofia.

"Leo ni mkutano wa tatu," alisema. "Leo mzee ataniambia kama mimi ni mtu au ni kisiki."

"Mwamkie kwanza," alisema Rahabu, akafuta mikono. "Halafu uniache mimi niseme. Wewe ukisema, watu wanasikia kelele tu."

*

Barazani kwa balozi watu walikuwa wamejaa. Rahabu na Ernest waliamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ketini."

Rahabu aliketi. Ernest alisimama karibu na miche. Aliona majani ya parachichi yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto.

Balozi Tobia alivaa miwani, akafungua daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa daftari.

"Nimegawa tena," alisema. "Parachichi themanini na minne kwa nyumba kumi. Kila nyumba minane, inabaki minne. Grevilea mia moja na ishirini na sita kwa nyumba kumi. Kila nyumba kumi na miwili, inabaki sita."

"Karatasi imesema usibaki, mzee," alisema Rahabu.

"Haibaki. Inakaa kwa balozi. Mpishi atalalaje njaa?"

Watu wakaguna. Dula, kijana wa nyumba ya karibu na Ernest, naye hakuwamo kwenye daftari, lakini ulimi wake ulikuwa na kibali popote. "Mpishi wetu huyu," alisema, "akimaliza chungu anakula na mwiko."

Watu wakacheka. Balozi hakucheka.

Mama mmoja, Janeth, aliyeandikisha mahudhurio ya kazi za kitongoji, alisimama. "Mimi nasema tugawe kwa waliofanya kazi. Msaragambo wa barabara walikuja nyumba kumi na mbili. Ninayo orodha."

Wakagawa. Parachichi themanini na minne kwa kumi na mbili: kila nyumba saba kamili! Watu wakapiga makofi. Dula akampa Ernest mkono. Kisha wakagawa grevilea. Kila nyumba kumi, na inabaki sita.

"Sita tena!" alisema Janeth. "Hii sita imetoka wapi?"

"Tugawe kwa nyumba za juu tu," alisema Dula. "Ndizo zenye mteremko. Ni tisa."

Grevilea kwa tisa: kila nyumba kumi na nne kamili. Nyumba za juu zikashangilia. Parachichi kwa tisa: kila nyumba tisa, inabaki mitatu. Nyumba za chini nazo zikashangilia.

Basi ikawa hivyo mpaka mchana. Namba iliyokubaliwa na parachichi ilikataliwa na grevilea. Iliyokubaliwa na grevilea ilikataliwa na parachichi. Na katika kila namba alikuwapo mtu aliyetupwa nje. Kumi na mbili ilimtupa bibi kizee Esta, ambaye hawezi tena kwenda msaragambo. Tisa iliwatupa wote wa chini. Kumi ilimtupa Ernest.

Hapo Ernest alishindwa kunyamaza. "Mzee, kwani mimi ninaishi juu ya mti?"

"Wewe uko kwa mjomba wako Valentino," alisema balozi. "Kiwanja alikupa yeye. Nyumba ni moja."

"Mjomba Valentino amekufa, huu mwaka wa tano!"

"Watoto wake wapo. Usinipigie kelele, Ernest. Mwanangu Alen amejenga hapo nyuma yangu, ana mke, na sikumwandika. Nimemwonea? Hizi ni nyumba kumi. Zimekuwa kumi tangu sijazaliwa."

Mkutano ukavunjika. Rahabu alikuwa amempigia bibi Shamsa, yule mtaalamu wa mradi aliyeleta miche, mara tatu. Simu haikupatikana. Wakati watu wanatawanyika, mbuzi wa balozi alipita barazani bila haraka, akang'oa jani moja la parachichi, akalitafuna huku akimtazama Ernest.

*

Siku mbili zikapita. Ernest hakulala vizuri, hakula vizuri, na hakukaa. Alichimba asubuhi, akaacha. Alishuka hadi kwa balozi kuhesabu majani makavu, akapanda tena. Siku ya nane, alasiri, alikuwa njiani kwa mara ya tatu mvua ilipomkuta mbele ya kibaraza cha Klara.

Klara alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na majoho ya kwaya ya usharika. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kila Jumanne na Alhamisi jioni alifundisha watu wazima kusoma na kuhesabu. Ernest hakuwahi kwenda. Aliacha shule darasa la nne, na hakutaka mtu ajue ni wapi hasa kamba ilipokatika.

"Ingia, unalowa," alisema Klara. "Kaa."

"Sikai, dada Klara. Nikikaa naona mteremko unashuka."

"Ukisimama unapanda?"

Ernest akakaa. Mvua ilipiga bati kwa nguvu mpaka wakawa wanasemezana kwa sauti ya juu.

"Nilikuwapo kwenye mkutano," alisema Klara. "Mnagawa kwa kubahatisha. Mnachukua namba kichwani, mnairusha kwenye miche kama watoto wanaorusha mawe kwenye mpeasi. Tunda likidondoka mnashangilia. Lisipodondoka mnagombana."

"Sasa tufanyeje? Hesabu sikusoma."

"Unajua kuzidisha?"

"Kidogo. Ya sokoni."

"Inatosha."

Klara alichukua kopo la vifungo, akamwaga vifungo kumi na viwili juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Vipange mistari. Kila mstari uwe sawa na mwenzake, na kisibaki kifungo."

Ernest alitazama nje, kisha akatazama vifungo. Akapanga mstari mmoja wa vifungo kumi na viwili.

"Sawa. Njia nyingine?"

Akapanga mistari miwili ya vifungo sita sita. Akapanga mistari mitatu ya vinne vinne. Akajaribu mistari mitano. Kila mstari ukapata viwili, vikabaki viwili mkononi mwake.

"Hapa vimekataa," alisema.

"Basi tano si kigawo cha kumi na mbili. Kigawo ni namba inayoigawa namba nyingine bila kubaki kitu. Tatu ni kigawo cha kumi na mbili, maana mara nne inafika. Tano haifiki sawasawa. Umeona?"

"Na nne?"

"Jaribu."

Ernest alianza kupanga mistari minne, akasimamisha mkono. "Ngoja. Hii ni ile ile ya tatu, nimeizunguka upande wa pili."

Klara akacheka. "Hapo umewashinda wanafunzi wangu wa Alhamisi. Vigawo vinakuja viwili viwili, kama viatu. Ukipata tatu, umepata na mwenzake nne. Ukipata mbili, umepata na sita. Ukipata moja, umepata na kumi na mbili yenyewe. Unaanza na moja, unapanda. Ukifika kwenye namba uliyokwisha kuiona upande wa pili, acha. Umemaliza. Hakuna kingine kilichojificha."

Alichukua chaki ya kushonea, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi: 1, 2, 3, 4, 6, 12.

"Sasa nipe vya kumi na nane."

Ernest aliongeza vifungo sita. Moja na kumi na nane. Mbili na tisa. Tatu na sita. Nne ikakataa, tano ikakataa, na sita alikwisha kuiona. Klara akaandika chini ya ule mstari wa kwanza: 1, 2, 3, 6, 9, 18.

"Zipi zipo juu na chini pia?"

"Moja. Mbili. Tatu. Sita."

"Hizo ni vigawo vya shirika. Namba hizi mbili zinashirikiana. Ukiwa na mashati kumi na mawili na suruali kumi na nane, unaweza kuvalisha watoto sita sawasawa, kila mmoja mashati mawili na suruali tatu. Watoto wanne huwezi. Mashati yatakubali, suruali zitakataa."

Ernest aliinuka ghafla. Akasahau mvua. "Kumi na mbili ya Janeth! Parachichi zilikubali, grevilea zikakataa."

"Na tisa ya Dula ni hivyo hivyo, kwa upande wa pili. Shika chaki. Miche yote ni ya kwako leo."

Ilimchukua muda mrefu. Alifuta kwa kiganja, akaandika tena, akajikuna kichwa. Themanini na nne: moja na themanini na nne. Mbili na arobaini na mbili. Tatu na ishirini na nane. Nne na ishirini na moja. Tano ilibakiza nne. Sita na kumi na nne. Saba na kumi na mbili. Nane, tisa, kumi na kumi na moja zote zilibakiza. Kisha akafika kumi na mbili.

"Hii nimeiona."

"Basi umemaliza."

Akaanza mia moja na ishirini na sita. Moja na yenyewe. Mbili na sitini na tatu. Tatu na arobaini na mbili. Sita na ishirini na moja. Saba na kumi na nane. Tisa na kumi na nne. Kuanzia kumi mpaka kumi na tatu hapakuwa na kitu. Kumi na nne alikwisha kuiona.

Klara alimwacha azungushie mwenyewe zile zilizopo pande zote mbili. Moja. Mbili. Tatu. Sita. Saba. Kumi na nne. Ishirini na moja. Arobaini na mbili.

"Arobaini na mbili ndiyo kubwa kuliko zote," alisema Klara. "Lakini kumi iko wapi?"

Ernest alitafuta. "Haipo. Haipo juu wala chini."

"Sasa nijibu. Nyumba zetu zinafika ishirini na moja?"

"Hapana."

"Zinapungua kumi?"

"Hapana. Kumi hata mzee anazijua."

"Katika hizo ulizozungushia, ipi iko katikati?"

Ernest aliweka kidole. "Kumi na nne."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja kwa sauti ndogo. Zile kumi za daftari. Yeye mwenyewe, kumi na moja. Dula, kumi na mbili. Bibi Esta, ambaye naye hayumo daftarini, kumi na tatu. Alen mtoto wa balozi, kumi na nne.

"Dada Klara," alisema. "Aliyeleta miche hii alikuwa anajua. Parachichi sita sita na grevilea tisa tisa. Mtu alituhesabu."

Klara alifungua mdomo kujibu, lakini hakusikika. Kutoka juu ilikuja sauti, siyo ya radi. Ilikuwa nzito na ya chini, kama gunia la viazi linaloburutwa sakafuni. Ikaendelea kidogo, ikanyamaza.

Ernest alikwisha kuwa njiani, anakimbia, chaki bado mkononi.

*

Nyumba ilikuwa imesimama. Rahabu alikuwa amesimama kwenye matope hadi magotini, jembe mkononi, mtoto wao Evodia mgongoni amefungwa kanga. Ernest aliwashika wote wawili kabla ya kutazama kitu kingine.

Kisha akatazama. Ukingo wa ngazi ya juu ya shamba ulikuwa umekatika hatua ishirini na sita na kushuka. Palipokuwa na kabichi mia moja na arobaini palikuwa na udongo mwekundu ulio wazi kama kidonda.

"Kabichi je?" aliuliza, ingawa aliona.

"Zimetangulia Mgwashi," alisema Rahabu. Midomo yake ilitetemeka, kwa baridi au kwa kicheko au kwa kilio. "Baba Evodia, mistari ile ya makinga maji ingekuwa imechimbwa..."

"Najua."

"Siku ile ya kwanza tu, wangechimba..."

"Najua, mke wangu. Ingia ndani."

*

Asubuhi ya siku ya tisa Ernest alishuka kwa balozi na matope yake. Hakuoga makusudi. Rahabu alikuwa naye, na Klara, na Dula aliyezunguka nyumba zote kuita watu. Habari za kuporomoka kwa ukingo zilikuwa zimefika kabla yao. Hata bibi Esta alikuja, akiegemea mkongojo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ernest. Pole. Nimesikia."

"Nimeshapoa. Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja na hesabu."

Alikunjua kile kitambaa cheusi, akakitandika juu ya sakafu. Akaeleza kama alivyofundishwa, kwa viriba vya miche badala ya vifungo. Alikosea mara moja, akarudi nyuma, akasahihisha. Hakuna aliyemcheka. Alipofika kwenye zile namba nane zilizozungushiwa, Janeth alikuwa ameinama kabisa, uso wake karibu uguse kitambaa.

"Ndiyo maana sita yangu haikuondoka," alisema.

Balozi Tobia alikunja mikono. "Hizo ni hesabu za fundi cherehani."

"Si zangu, mzee," alisema Klara. "Mimi nikifa leo, kumi itaendelea kuikataa themanini na nne."

"Nyumba ni kumi."

"Mzee," alisema Ernest, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "weka daftari chini kidogo. Simama hapa nilipo. Hesabu mapaa."

Kutoka kwenye baraza lile kitongoji chote kilionekana, mapaa ya bati yakimeta baada ya mvua. Tobia alivua miwani ya kusomea. Alinyoosha kidole. Alihesabu upande wa juu, akahesabu upande wa chini, midomo ikicheza bila sauti. Mwisho aligeuka nyuma. Pale, hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwake, lilikuwapo paa jipya la Alen, na mke wa Alen alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Mkono wa mzee ulikaa hewani.

"Kumi na manne," alisema.

"Hongera, mzee, umepata mtoto," alisema Dula.

Balozi alimtazama kwa ukali, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na alicheka mpaka akakohoa. Alichukua kalamu, akakata ile kumi kwenye karatasi, akaandika kumi na nne. "Nilikuwa nahesabu majina," alisema. "Haya. Gaweni."

Wakaanza kupanga marundo kumi na manne uwanjani. Grevilea, mti usioogopa kiu, tisa tisa. Ziliisha sawasawa kwenye rundo la mwisho, na watu wakapiga vigelegele. Kisha parachichi, sita sita. Rundo la kwanza, la pili, la tatu. Ernest aliweka mwenyewe. Rundo la kumi na mbili lilipata sita. Rundo la kumi na tatu likapata mmoja.

Mikono yake ikawa mitupu. Rundo la kumi na nne, ambalo lilikuwa la bibi Esta, halikuwa na parachichi hata moja.

"Fundi," alisema Dula, "hesabu yako imechanika."

"Haijachanika," alisema Klara. Alikuwa amesimama ukutani, penye viriba walivyovitenga wakati wa kupanga. "Tumegawa miche iliyoletwa. Iliyoletwa siyo iliyopo. Hesabuni hii."

Viriba saba vilikuwa na vijiti vikavu tu. Vingine vinne vilikuwa na visiki vifupi vyenye alama za meno. Hakuna aliyeuliza meno ya nani.

Themanini na nne kutoa kumi na moja. "Sabini na tatu," alisema Janeth.

Ernest alipiga magoti na chaki yake. Mbili ilibakiza moja. Tatu ilibakiza moja. Nne, moja. Tano ilibakiza tatu. Sita, moja. Saba, tatu. Nane, moja. Alikuwa anaandika haraka, chaki ikakatika. "Inakataa zote!"

"Itakataa," alisema Klara. "Sabini na tatu ina vigawo viwili tu, moja na yenyewe. Shuleni huiita namba tasa. Ungemwagilia themanini na nne, ungegawa. Hii haigawiki."

Bibi Esta alisema polepole, "Mimi niacheni. Nitakula parachichi lini mimi, miaka mitatu ijayo?"

"Hapana, bibi," alisema Ernest. Alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa anatafuta kumi na nne mara ngapi. Mara tano, sabini. "Tano tano kwa nyumba zote kumi na nne. Inabaki mitatu. Hiyo mitatu ipandwe kwenye chanzo cha maji, iwe ya wote."

"Ya wote?" alisema Rahabu. "Hii hapa ilikuwa ya wote. Imekufa ukutani."

Aliyejibu alikuwa balozi. "Mbuzi ni wangu," alisema. "Ile mitatu nitaimwagilia mimi, kila siku. Nikishindwa, mniseme mbele ya kanisa."

Wakaondoa mche mmoja kwenye kila rundo lenye sita, wakajaza marundo mawili ya mwisho. Tano na tisa, tano na tisa, mpaka kwa bibi Esta. Mchana huo huo msaragambo ukaanza, majembe kumi na manne na zaidi, kuanzia juu, kwa Ernest. Walipumzika jua lilipofika nyuma ya mlima.

Bibi Shamsa wa mradi alipanda siku ya kumi, simu yake ikiwa imeharibika na viatu vyake vimejaa matope. Alisoma karatasi, akafurahi. "Kumi na nne. Ndivyo nilivyohesabu mapaa nikiwa ng'ambo ya bonde."

"Sasa kwa nini hukuandika, mama?" aliuliza Ernest.

"Niliacha nafasi balozi aandike. Nilidhani anajua."

Mzee Tobia alijifanya anatafuta miwani.

Masika iliyofuata ilikuwa kali. Makinga maji yalijaa, yakashika, na udongo wa shamba la Ernest ulikaa pale ulipo. Miche ya nyumba zote ilishika, na mitatu ya kwenye chanzo cha maji ilikuwa na majani mapana kuliko yote, kwa sababu mzee alikuwa anaibebea maji hata siku za mvua. Daftari la balozi lilikuwa na mistari kumi na minne, na kila jina lilikuwa la mtu aliye hai.

Jumanne moja jioni Ernest alikwenda kwa Klara na daftari jipya. Alikaa. Klara aliwaambia wanafunzi waandike kwenye ukurasa wa kwanza jambo lolote wanalolijua kwa hakika, kwa namba. Ernest aliwaza kidogo, akaandika kwa herufi kubwa, bila kumwuliza mtu:

Parachichi, miche 11.
Siku 9.
Ukingo, hatua 26.
Kabichi 140.